Uliza Fundi: Mitambo ya upepo baharini, Waingereza wameweza, sisi tunangoja nini?

Mwezi huu sanduku la barua limejaa upepo tupu jamani. Toleo lililopita tuliweka picha ya mitambo ya upepo imesimama katikati ya Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, basi kila mtu kaamka na swali lake. Nimechambua nikachukua chache, ya kwanza nimeijibu kirefu maana ukiielewa hiyo zinazofuata ni mteremko.

Assalaam alaykum Fundi. Mimi niko Nungwi, nina gesti ndogo ya wageni. Kusi ikianza huku makuti yanaruka na ngalawa hazitoki. Umeme wetu Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na sisi watu wazima hatujasahau giza la 2008 wala ile miezi mitatu ya 2009 kuingia 2010. Sasa kisiwa kina upepo, kina bahari pande zote, kwanini tusiweke mitambo yetu huko majini kama Waingereza tukaacha kuomba bara? (Msomaji, Nungwi)

Waalaykum salaam kaka. Lile giza nani asiyelikumbuka, jenereta zinanguruma kila kichochoro. Ila kuna kitu picha haionyeshi. Upepo wa baharini ni bure kweli, lakini kila kinachoushika ni cha kununua, tena kinanunuliwa siku ya kwanza, yaani unalipia umeme wa miaka 25 kabla hujawasha taa hata moja.

Tuanze na bei. Kuna wakala wa kimataifa wa nishati jadidifu, IRENA, wao kila mwaka wanatoa wastani wa dunia. Kwa miradi iliyowashwa 2024 uniti moja ya upepo wa nchi kavu ilisimama kama senti 3.4 za dola, sola senti 4.3, upepo wa baharini senti 7.9. Gharama ya kujenga ndo balaa zaidi, kilowati moja ya sola ilikuwa dola 690 hivi, ya upepo wa nchi kavu 1,040, ya baharini inapita 2,800. Utasema mbona kujenga ni mara nne ya sola ila uniti haifiki hata mara mbili, ni kwa sababu mtambo wa baharini haulali, kwa mwaka unatoa asilimia 40 mpaka 50 ya uwezo wake wote, sola ikifika magharibi imefunga duka na wastani wake duniani hata 20 haufiki. Kwahiyo wanaoweka baharini sio wajinga, wananunua kitu cha ghali kinachofanya kazi masaa mengi.

Sasa njoo kwenye mkopo, hapa ndo watu wengi wanapitiliza. Mtambo wa dizeli ukikopa kwa riba mbaya bado gharama kubwa ni mafuta, upepo hauna mafuta, kwahiyo bei ya uniti karibu yote ni deni unalorudisha. Nimepiga hesabu ya kalamu na karatasi: kopa milioni 100 urudishe miaka 25 kwa riba ya asilimia 4, kila mwaka unalipa kama milioni 6.4. Kopa hizohizo kwa asilimia 10 unalipa milioni 11. Bahari ileile, nguzo zilezile, upepo uleule, umeme umeshapanda zaidi ya nusu nzima kabla fundi hajashika spana, na mnajua wenyewe nchi zetu zikienda sokoni zinakopeshwa kwa riba ipi na Denmark inakopeshwa kwa ipi.

Halafu kina cha maji. Mitambo mingi ya Ulaya imesimama kwenye bomba moja nene la chuma linalopigwa nyundo kwenye mchanga wa chini, na hilo ukishavuka mita 60 hivi za maji halina faida tena. Bahari ya Kaskazini imebahatika, kuna fungu linaitwa Dogger Bank, kilomita 130 na zaidi kutoka pwani ya Uingereza, uko katikati ya bahari kabisa na maji bado ni mafupi. Kwetu si hivyo. Mkondo wa kati ya Unguja na bara ni maji mafupi kweli, ila hapo ndo wanapita boti za Dar, meli, wavuvi na waya wenyewe wa umeme. Ukitoka mashariki ukavuka mwamba bahari inadidimia ghafla, na mkondo wa Pemba ndo usiseme, ni mamia ya mita. Ipo mitambo inayoelea, ya kwanza kufanywa shamba zima ni Hywind huko Scotland, 2017, mitambo mitano megawati 30, imefungwa kwa minyororo na inafanya kazi vizuri sana tu, lakini bei yake bado ni ya watu wenye pesa za majaribio.

Na upepo wenyewe nao. Kusi inavuma nakubali, kaskazi nayo ina siku zake, lakini katikati yake kuna maleleji, wiki nzima bendera imelala mlingotini. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa kasi mara yenyewe mara yenyewe tena, upepo wa mita 10 kwa sekunde una nguvu mara nane ya ule wa mita 5, sio mara mbili. Ndo maana tofauti ndogo kati ya bahari yao na yetu kwenye pesa inakuwa tofauti kubwa mno.

Kuna kisiwa kinafanana na kesi yako, Block Island huko Rhode Island Marekani. Nacho kilikuwa kinaishi kwa dizeli. 2016 wakasimamisha mitambo mitano baharini, megawati 30 jumla, ya kwanza Marekani nzima. Meli ya kusimamishia ilibidi itoke Ulaya kwa sababu kwao haikuwepo, bei waliyokubaliana ilianza senti 24.4 kwa uniti na inapanda asilimia 3.5 kila mwaka. Na bado wakalaza waya mpaka bara! Kwa sababu upepo ukitulia kisiwa kinahitaji umeme wa bara, na ukivuma sana kisiwa hakiwezi kuumaliza chenyewe. Yaani waya unaotaka kuuacha ndo unaokuja kuwa wa lazima. Udogo wa mradi nao unauma, meli ya kreni yenye miguu inakodishwa kwa siku, ukiileta kusimamisha mitambo mitano au 165 safari yake ya kuja ni ileile.

Mimi ukiniuliza hela ya Unguja iende wapi kwanza, nasema sola na betri pale pale kisiwani, halafu njia ya pili ya waya ili ule wa Ras Kiromoni mpaka Fumba uliozinduliwa 2013 usibaki peke yake. Gesti yako weka paneli, friji na pampu zifanye kazi mchana. Mitambo ya majini tuwaachie kwanza wenye maji mafupi na mikopo ya bei rahisi waendelee kushusha gharama.

Kaka Fundi habari za huko. Mimi niko Hull, Uingereza. Mji huuhuu kuna kiwanda cha mapanga ya mitambo ya upepo, ukipita bandarini unayaona yamelala marefu kama meli. Kila siku tunaambiwa nchi hii ni mfalme wa upepo wa baharini, ila bili yangu ya umeme na ya kupasha nyumba joto inaniliza. Upepo si wa bure? Nani anakula hiyo pesa? (Dada wa Hull)

Pole dada yangu, baridi la huko na bili juu. Kwanza tenganisha, nyumba nyingi za huko zinapashwa na gesi moja kwa moja, hapo upepo hauna mkono kabisa. Pili, soko la umeme la Uingereza bei ya saa hiyo inawekwa na mtambo wa mwisho kuhitajika, na mara nyingi huo ni wa gesi, kwahiyo gesi ikipanda umeme wote unauzwa kwa bei ya gesi hata kama nusu yake umetoka baharini.

Lakini serikali imefunga bei na wenye mitambo kwa mikataba ya miaka mingi, kwa miradi nitakayoitaja ni miaka 15. Soko likiwa chini ya bei iliyofungwa wateja wanajazia, likiwa juu mwenye mtambo anarudisha. Sasa angalia mbele ya mji wako hapohapo, kuna miradi ya Hornsea, mwekezaji ni Ørsted wa Denmark, ni kama ndugu wanne. Bei nitakazotaja zote ni kwa thamani ya pauni ya 2012, hivyo ndivyo wanavyoziandika. Hornsea 1, mitambo 174, ilifungwa bei ya pauni 140 kwa uniti elfu moja, yaani peni 14 uniti. Hornsea 2, mnada wa 2017 (anayetaka bei ndogo ndo anapewa mkataba), ikashuka mpaka peni 5.75. Hornsea 3, 2022, peni 3.7. Watu wakashangilia, wanasiasa wakapiga picha, ikasemwa upepo wa baharini umeipita gesi kwa urahisi na mchezo umekwisha.

Haukuisha. Vita vya Ukraine vikapandisha chuma na kila kitu, riba zikapanda, na nilishasema huko juu riba inafanya nini kwenye biashara hii. Julai 2023 Vattenfall wa Sweden wakasimamisha mradi wao wa Norfolk Boreas wakisema gharama zimepanda mpaka asilimia 40. Septemba mwaka huohuo yakatoka matokeo ya mnada wa serikali wenye kikomo cha bei cha peni 4.4, hakutokea hata mmoja wa baharini. Sifuri. Mwaka uliofuata wakapandisha kikomo mpaka peni 7.3, Hornsea 4 ikashinda kwa peni 5.9 hivi, na Mei 2025 Ørsted wakaufuta mradi wakisema bado haulipi. Hao hao 2023 walishafuta miwili mikubwa New Jersey. Denmark yenyewe, nyumbani kwa biashara hii, walioweka mitambo ya kwanza ya baharini duniani pale Vindeby 1991, mnada wao wa Desemba 2024 ulikosa mtu, na Ujerumani ikawatokea hivyohivyo Agosti 2025.

Kwa maoni yangu ile peni 3.7 haikuwa bei, ilikuwa kamari. Wawekezaji waliahidi leo kwa kutegemea kwamba mitambo ya miaka minne mbele itakuwa mikubwa na rahisi zaidi, mitambo ikawa mikubwa kweli ila haikuwa rahisi.

Pamoja na yote, ningekuwa mimi ni serikali ya huko ningeendelea kujenga, kwa bei ya kweli. Januari sola ya Hull ni pambo la paa tu, saa kumi jioni giza limeingia na watu ndo wanawasha kila kitu, na majira hayohayo ndo upepo wa bahari unavuma kuliko yote. Milimani kuweka mitambo majirani wanapinga, ardhi ndogo. Sasa watafanyaje? Kwenu bahari sio chaguo la rahisi, ni chaguo lililobaki baada ya mengine kukataliwa na hali ya hewa na majirani.

Niaje Fundi. Sisi Kenya tuko na upepo Turkana mkubwa Afrika nzima walituambia, geothermal tuko nayo, sola tuko nayo, na bado tokeni za stima zinaisha kama airtime. Si afadhali twende baharini Lamu huko? (Msomaji, Nairobi)

Poa kabisa. Ndugu yangu kabla ya kwenda Lamu hebu tumalize ya Turkana kwanza, maana shida yenu haikuwa upepo. Pale Loiyangalani kuna mitambo 365 midogomidogo, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310, na ule upepo wa kati ya milima ya kule ni wa ajabu, unavuma karibu mwaka mzima na mitambo inatoa kiwango ambacho hata baharini Ulaya wengi wanakitamani. Kwa bei ya nchi kavu! Mitambo ilikuwa tayari 2017. Waya wa kuutoa umeme mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari, mkandarasi wa Kihispania alifilisika katikati ya kazi, wakaja Wachina wakamaliza, umeme ukaanza kutoka Septemba 2018. Muda wote huo mkataba ulisema mwenye mitambo alipwe hata kama uniti hazijafika, na hiyo bili ya mabilioni unaidhani nani kabeba.

Na hata sasa upepo wa Turkana unapiga sana usiku, Nairobi imelala, kwahiyo kuna saa mitambo inaambiwa ipunguze au Olkaria, kwenye mitambo yenu ya geothermal inayoendeshwa na mvuke wa ardhini, wanaachia mvuke uende hewani. Kupeleka mitambo Lamu baharini ni kuongeza umeme wa ghali kwenye saa ambazo hata ule wa rahisi hauna mnunuzi. Betri, nyaya, na viwanda vya kutumia usiku, hapo ndo kwa kuweka pesa. Mambo ya ardhi ya Turkana nayo hayajanyooka, 2021 mahakama ya Meru ilisema hati zilitolewa kinyume cha sheria, kwahiyo nchi kavu nako usidhani ni bure, wenye ardhi wapo.

Tanzania nasi tusijichekee, upepo wa Singida na Makambako tumeuzungumzia miaka na miaka na ulio kwenye gridi ni wa Mwenga kule Mufindi, mitambo mitatu, megawati 2.4. Bwawa la Nyerere limetupa megawati 2,115 watu wakaona basi imetosha. Lakini upepo wetu wa bara unavuma zaidi kiangazi, wakati mito imepungua, ungetumika kuokoa maji ya bwawa yakae mpaka yahitajike. Hiyo ni ndoa nzuri na haihitaji meli.

Fundi shikamoo. Mimi mvuvi, Kilwa. Tukiwekewa hiyo mitambo samaki watakimbia? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Marahaba mwanangu. Wakati wa kupiga nguzo kelele ni kubwa mno, wanyama kama pomboo wanasikia mbali na wanahama, Ujerumani wanalazimishwa kuzungushia pazia la mapovu ya hewa kupunguza sauti. Nguzo zikishasimama zinaota kome na vijisamaki vinakuja, hapo sio mbaya. Shida yako wewe itakuwa kupita, nyavu ndefu na mitambo haziendi pamoja na wakubwa watakuwekea mipaka. Na panga likivunjika linakuwa takataka za majini, Julai 2024 huko Nantucket, Marekani, panga moja la mradi wa Vineyard Wind lilikatika vipande vikasambaa mpaka ufukweni wakafunga fukwe msimu wa watalii. Kwa Kilwa bado usipoteze usingizi, sijaona sababu ya kiuchumi ya mtu kuja.

Salaam kutoka Maskati. Huku jua ni la kuchoma ngozi, sola imetapakaa, lakini nimesikia Dhofar wameweka upepo. Hiyo si kupoteza hela tu? (Msomaji, Maskati)

Salaam ndugu. Hapana, hapo wamecheza vizuri. Ile ya Dhofar ni mitambo 13 ya nchi kavu, megawati 50, tangu 2019, na sababu ni khareef, upepo uleule wa kusi unaotoka kwetu ukifika kwenu kiangazi unakuwa mkali, na ndio majira ambayo kila nyumba Oman inakimbiza kiyoyozi mpaka usiku, saa ambayo ile sola ya Ibri ya megawati 500 imelala. Nchi yenye jangwa tupu na upepo kama huo kwenda kuweka nguzo majini itakuwa kujitafutia gharama. Wakae nchi kavu.

Fundi, kuna kijana ananiuzia kifeni cha upepo cha kuweka juu ya paa, anasema kinatosha nyumba nzima. Niko Tabata. Ninunue? (Mama wa Tabata)

Usinunue mama. Upepo wa juu ya mapaa ya Tabata umevunjwavunjwa na nyumba, miti na minara, unazunguka ovyo, kile kifeni kitapiga kelele, kitatingisha bati na umeme utakaotoka labda uchaji simu. Mitambo mikubwa inainuliwa mita 100 na zaidi kwa sababu huko juu ndo upepo umenyooka. Hiyohiyo pesa chukua paneli mbili, betri ya lithiamu na inveta, mwambie fundi asiziweke upande wenye kivuli cha mwembe, na huyo kijana mwulize kwanza kwake kakifunga wapi.